Mkono Haukuwa Mzito

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na pamoja nayo ameingia dukani mwanamke na kinanda cha umeme kilichofungwa kwa shuka mbili na turubai. Amekileta kwa mkokoteni. Yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Kinanda kikavu kabisa.

Namfahamu kwa sura. Zamani alikuwa akipiga kwenye bendi ya ukumbi ule wa nyuma ya kituo cha mafuta, halafu akaacha, au aliachishwa, sikuwahi kuuliza. Watu wanamwita Mama Kishindo. Siku zote nilidhani ni kwa sababu ya sauti yake, maana kweli si ndogo.

Alichomeka umeme, akabonyeza kwa kidole kimoja. Sauti ikatoka nene, nzuri, ila chini yake kukawa na "dum", kama mtu wa chumba cha pili ameangusha gunia. Akabonyeza tena. Dum. Kila noti na gunia lake.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu na mwenye duka, hakusimama kwenye kiti chake. "Mama, hicho kimezeeka. Hata mimi nikifika umri huo nitaguna."

"Sikukuuliza umri wake. Nimekuuliza kama kinatengenezeka."

"Hakitengenezeki."

"Kinatengenezeka," nikasema mimi.

Wote wawili waligeuka. Nina miaka ishirini kwenye meza ya nyuma, Shemeji ndiye anayeongea na wateja. Hata mimi nilijishangaa.

Mama Kishindo akaeleza. Bendi yake ya zamani imekubali aje ajaribiwe Jumamosi ya tarehe 18 Mei. Mara moja tu. Akishindwa, basi tena.

Shemeji amesema nikitaka kuhangaika nacho, nihangaike nje ya saa za kazi. Nimekubali. Nikirudi nyumbani nimepitia duka la vitabu kununua daftari la kuandikia vipimo, na tazama, ukurasa umejaa na sijaandika kipimo hata kimoja.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Redio tatu, pasi moja, feni moja. Kinanda sijakigusa.

Ijumaa, 8 Machi

Nafika saa moja asubuhi, saa nzima kabla Shemeji hajafungua. Leo nimekifungua.

Ndani ya kifuniko mtengenezaji alibandika mchoro wa saketi. Kishindo kinatoka kwenye kichujio, sehemu inayoamua sauti iwe nzito au kali. Nimeukodolea mchoro macho mpaka nikauelewa. Transista, vile vidude vya miguu mitatu vya kufungulia umeme, zimesimama mbilimbili, jozi juu ya jozi, mfano wa ngazi. Umeme unapanda pande zote mbili, kushoto na kulia, na kinachotoka kama sauti ni tofauti kati ya pande hizo. Ukibonyeza noti, mashine inaisukuma ngazi nzima ifunguke. Kama kushoto na kulia zinafanana, msukumo unazigonga sawasawa, tofauti haipo, sikio halisikii kitu. Kama hazifanani, upande mmoja unapokea zaidi ya mwenzake, na ule msukumo wenyewe unageuka sauti. Dum.

Kwenye mchoro, jozi ya chini kabisa na ya juu kabisa zimewekewa nyota. Pembeni ya nyota pameandikwa kwamba hizo lazima zilingane.

Nikamwonyesha Shemeji. Akasoma namba iliyopigwa kwenye ubavu wa transista. "Hii na hii namba moja. Zinalingana. Transista ni transista, shemeji."

Jumatatu, 11 Machi

Nimetengeneza kipimo. Betri moja, resista moja ya kubana umeme, vijitundu vitatu vya kuchomekea miguu ya transista, na mita. Transista zote zinapewa umeme uleule mdogo, nami nasoma kila moja inadai milivolti ngapi ndipo ifunguke. Zinazodai sawa zinalingana.

Kwenye kopo la duka kuna zaidi ya mia za namba ile. Nimeanza. Joto kali leo, mvua imegoma.

Jumanne, 12 Machi

Ishirini na mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Hamsini na tisa. Mama mkwe, ambaye ninaishi naye tangu mume wangu afariki, ameuliza kwa nini nafika nikinuka moshi wa risasi ya kuchomelea saa kumi na mbili jioni wakati duka linafungwa saa kumi. Nikamweleza habari ya transista pacha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilizaa wawili tumbo moja na hawakulingana hata kwa kula. Wewe unataka vitu vya kiwandani vilingane?"

Jumanne, 19 Machi

Mia na nne. Vidole vinauma. Nimezipanga kwenye kipande cha godoro, kila moja na kikaratasi chake. Nina jozi mbili za milivolti 612 na 612.

Ijumaa, 22 Machi

Nimetoa jozi ya chini, nikaweka mpya. Zile za zamani nimezitia kwenye bahasha. Kesho Mama Kishindo anakuja kusikiliza.

Jumamosi, 23 Machi

Dum.

Kimepungua, ndiyo. Gunia limekuwa nusu gunia. Lakini kipo. Mama Kishindo alibonyeza mara moja tu, akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto, akatazama nje kwenye mvua.

Shemeji alicheka mpaka akashika kaunta. "Wiki mbili unapima! Ungeniuliza mimi ningekwambia bure."

Namba zilikuwa 612 na 612, niliziandika kwa mkono wangu, na mita haina sababu ya kunidanganya.

Jumatano, 27 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nimepima tena moja ya zile 612 nilizobakiza akiba. Imesoma 621. Nimeibadilishia mita betri. 621.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeelewa! Nataka niandike yote kabla sijaingiwa na kazi nyingine.

Asubuhi nilichomeka transista kwenye kipimo na kabla sijaiachia nikapiga chafya, kwa hiyo nikaishikilia kidogo zaidi ya kawaida. Namba kwenye mita zikaanza kushuka. 619, 616, 611, 606. Nikaachia. Zikaanza kupanda taratibu. Nikashika tena, zikashuka. Dakika kumi nzima nilikaa pale nikishika na kuachia kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Ni joto. Transista ikipata joto inadai kidogo, ikipoa inadai zaidi. Kila nyuzi moja ya joto ni milivolti mbili hivi. Kidole changu ni joto. Jua la Jumatatu ile lilikuwa joto. Mvua ya siku nyingine ilikuwa baridi. Nilipima transista mia na nne kwa siku saba za hali ya hewa saba, nikashika nyingine sekunde mbili na nyingine sekunde kumi, halafu nikaziita pacha kwa sababu ya namba za kwenye karatasi. Ile 612 ya siku ya jua na ile 612 ya siku ya mvua hazijuani hata kidogo. Nilichokuwa naandika wiki mbili zote ni hali ya hewa.

Nimefuta kurasa sita za daftari kwa mstari mmoja mrefu. Na sikusikitika. Shemeji alipoingia alinikuta nacheka peke yangu.

"Umeshindwa?" akauliza.

"Nimejua nilikosea wapi."

"Si kitu kilekile?"

Jumanne, 2 Aprili

Njia mpya. Sipimi tena moja moja. Nachagua transista moja iwe kiongozi, haiondoki mahali pake. Kila nyingine inawekwa kando yake, tumbo kwa tumbo, zote mbili ndani ya kipande cha alumini nilichokitoboa, ili zipate joto moja. Zinapewa umeme sawa kwa wakati mmoja, na mita naiweka katikati yake. Kwa hiyo sisomi kila moja inadai ngapi, nasoma zinapishana kwa ngapi. Nje inyeshe, iwake, haidhuru, maana zote mbili ziko ndani ya hali ileile. Nazishika kwa koleo, kidole hakigusi. Nasubiri dakika tano. Ndipo nasoma.

Faida nyingine sikuitarajia. Kwa kuwa tofauti ni ndogo, mita naiweka kwenye kipimo chake cha chini kabisa, na sasa inanionyesha hata sehemu ya kumi ya milivolti.

Dakika tano kila moja. Mia na nne. Sawa tu.

Ijumaa, 5 Aprili

Kumi na moja leo. Paa la duka linavuja juu ya meza yangu tu. Nimehamisha ndoo, sikuhama mimi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimefikia jozi ya juu ya ngazi, na ili kuitoa ilibidi kuinua bodi yote ya saketi. Upande wa chini wa bodi, pembeni, pana maandishi ya penseli. Dukani kwetu ni desturi, fundi akimaliza anaandika tarehe mahali pasipoonekana.

17/7, na mwaka, miaka kumi na miwili iliyopita. Saba zote mbili zina kamstari katikati.

Hakuna mwingine dukani anayeandika saba hivyo. Ni mimi.

Nilikaa. Nikaitazama risasi iliyoshika miguu ya zile transista, na miguu yenyewe ilivyokunjwa kwa ndani, kama alivyonifundisha marehemu mume wangu. Kazi yangu, hata gizani ningeijua kwa kupapasa. Kinanda chenyewe sikuwahi kukiona, maana enzi hizo Shemeji alifungua vitu kaunta, kwangu ikaja bodi peke yake. Na nakumbuka nilichouliza: hizi zenye nyota, niweke zipi? Na nakumbuka alichojibu kutoka kaunta bila kugeuka.

"Weka yoyote."

Nikaweka yoyote.

Nimezichukua zile mbili za chini nilizotia kwenye bahasha, nikaziweka kwenye kipimo kipya. Zinapishana milivolti kumi na nane. Maana yake moja inabeba mzigo mara mbili ya mwenzake. Miaka kumi na miwili.

Jumatano, 10 Aprili

Nilimngoja mteja wa mwisho wa asubuhi atoke, nikageuza kibao cha mlangoni, nikamwekea Shemeji bodi mbele yake.

Alisoma tarehe. Hakujifanya hajui, hilo nampa. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kishindo tulikitia sisi. Alipokirudisha, kwa sababu lazima alikirudisha, ulimwambia nini?"

Akaanza kupanga betri za saa kwenye kabati la kioo. Zilikuwa zimepangika tayari.

"Shemeji, nakuuliza."

"Duka lilikuwa jipya mikononi mwangu. Kaka ndiyo kwanza amefariki. Ningesema tumeharibu mashine ya bendi inayojulikana mji mzima, nani angeleta kitu tena hapa? Ungekula nini wewe? Mama angekula nini?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mashine ni nzima." Akapanga betri. "Nikamwambia mkono wake ndio mzito. Na kiongozi wa bendi alikuwa amesimama naye."

Ndipo nikaelewa jina lake lilikotoka. Halina uhusiano wowote na sauti yake.

Nikasema nitamwambia. Shemeji akaacha betri. Akasema kwa sauti ya chini, na yeye si mtu wa sauti ya chini, kwamba nikitaka kusema, nikasemee nje ya duka lake, na nisirudi ndani.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekuta kile kipande cha godoro kitupu. Transista zangu zote, zilizopangwa, zilizoandikwa, arobaini na sita zilizokwisha kulinganishwa, zimemwagwa kwenye kopo na zilizobaki. Vikaratasi viko kwenye pipa la taka.

"Nilikuwa nafanya usafi," Shemeji akasema.

Miaka ishirini sijawahi kumwona ameshika ufagio.

Nimechukua kopo. Nimechukua kipimo, koleo, mita ambayo ni ya marehemu mume wangu, na kinanda. Nilikibeba mwenyewe hadi mlangoni, nikaita mkokoteni.

"Unakwenda wapi na mali ya mteja?"

"Kwa mteja."

Sikuwa nakwenda kwa mteja, nilikuwa nakwenda nyumbani, lakini lilikuwa jibu zuri na sikutaka kulipoteza.

Jumapili, 14 Aprili

Mama mkwe ametazama sebule yake ikigeuka karakana. Nikamweleza yote, sikumficha la mwanawe. Nilitegemea atamtetea. Akasema, "Huyu tangu mdogo akivunja kikombe anagombana na meza." Akaniuliza nimebakiza ngapi za kupima.

"Zote."

"Basi anza. Na usiniwekee moto karibu na kitambaa changu cha meza."

Jumanne, 16 Aprili

Tisa. Umeme umekatika. Kipimo changu kinatumia betri. Nimeendelea.

Alhamisi, 18 Aprili

Kumi na tatu. Mafuriko barabarani, maji yamefika ngazi ya pili. Nimeendelea.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Mama Kishindo.

Nilikwenda kwake asubuhi, mvua ikiwa manyunyu. Anaishi vyumba viwili juu ya duka la viatu, na chumba cha mbele hakina kitu ukutani pale ambapo kinanda kilikuwa kinakaa, kuna alama ya weupe tu kwenye rangi. Akaniwekea kiti. Nikasema nitasimama.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakanipotea yote. Nikasema: mama, kishindo nilikitia mimi. Nikamtajia tarehe. Nikamweleza kuhusu jozi, kumi na nane, "weka yoyote". Nikamwambia tulijua, au mwenzangu alijua, na mimi sikuuliza mara ya pili kwa sababu haikuwa kazi yangu kuuliza. Hilo la mwisho nilipolisema nililisikia lilivyo baya.

Hakulia. Nilitamani alie. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena kwa upande mwingine.

"Unajua nilifanya nini na hii mikono?" akasema. "Nilifanya mazoezi. Waliponiambia mzito, nikanunua sponji, nikaweka juu ya meza, nikawa nabonyeza sponji bila kuigusa meza. Mwaka mzima. Saa mbili kila siku. Nikajua sasa nimekuwa mwepesi kuliko mtu yeyote. Nikarudi bendini." Akabonyeza hewa kwa kidole. "Dum. Wakacheka. Mpiga ngoma akasema waniachie mimi ngoma, yeye akapumzike. Nikatoka mlango wa nyuma sikurudi tena."

"Nisamehe, mama."

"Hapana."

Mvua ilikuwa imeongezeka. Nikaona niondoke. Nilipofika mlangoni akasema, "Mdogo wangu." Nikageuka. "Kitakuwa tayari tarehe kumi na nane?"

"Kitakuwa tayari."

"Basi utakuja nacho. Nawe utasimama mbele yao na utasema ulivyosema hapa. Hivyohivyo. Usipunguze."

"Sitapunguza."

Nilitembea kurudi bila mwavuli. Sijui kwa nini nilidhani kusema kungenipa nafuu. Hakukunipa. Ila nimegundua kwamba miaka yote nilimwona Shemeji kama ukuta na mimi nimejificha nyuma yake, nikijihesabu mtu mwema kwa sababu tu si mimi niliyekuwa naongea na wateja.

Jumamosi, 27 Aprili

Sitini na nane. Mama mkwe ndiye anayeshika saa sasa. Dakika tano zikitimia anagonga kikombe kwa kijiko. Nikisoma mapema ananikaripia.

Ijumaa, 3 Mei

Nimepata. Namba 31 na namba 77. Zinapishana sehemu mbili za kumi za milivolti. Nimepima mara sita, asubuhi, mchana, na mvua ikinyesha. Hazibanduki. Na jozi nyingine, 12 na 90, sehemu nne za kumi.

Nimeweka 12 na 90 juu. Chini sikuchomelea. Nimeweka soketi, ili transista zichomoke na kuchomekwa kama balbu. Nina sababu yangu.

Nimezichomeka 31 na 77, nimezibana pamoja kwa kipande cha shaba. Nikabonyeza.

Sauti, basi. Hakuna gunia. Nikafungua kichujio chote, nikakifunga, nikabonyeza haraka haraka. Sauti imetoka kama maji kwenye bomba safi. Mama mkwe, ambaye masikio yake si ya kutegemea, aliweka kiganja juu ya meza, akasubiri, akasema, "Hakidundi tena."

Jumatatu, 6 Mei

Mama Kishindo amekuja sebuleni. Alipiga tangu saa tatu hadi saa saba. Hakuongea nami, nami sikumsemesha. Alipotoka, majirani wanne walikuwa wamesimama nje chini ya miavuli.

Jumanne, 14 Mei

Shemeji amekuja na kilo mbili za sukari kwa ajili ya mama yake, na maneno kwa ajili yangu. Kwamba Jumamosi niseme transista zilichoka kwa umri. Kwamba si uongo, kila kitu huchoka. Kwamba meza yangu bado iko.

"Zinapishana kumi na nane leo kama siku ile niliyoziweka," nikasema. "Hazikuchoka. Zilikuwa hivyo."

"Nani atajua?"

"Mimi nina mita."

Akamgeukia mama yake. Mama mkwe akapokea sukari, akamshukuru, akamuuliza kama angependa chai kabla hajaondoka. Alitilia mkazo neno la mwisho.

Jumamosi, 18 Mei

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini, wanabendi na jamaa zao. Saa tisa alasiri, madirisha yote wazi. Kiongozi wa bendi ni mtu mzima sasa, mvi zimemjaa, mpole wa maneno. Aliposhika maikrofoni alisema tumekuja kumsikiliza dada yetu, na bila shaka mkono umepona. Watu wakacheka kidogo. Wengine walifanya "dum" kwa mdomo. Mama Kishindo alisimama wima kando ya kinanda, hakupepesa.

Nikaomba maikrofoni. Sijawahi kushika maikrofoni maishani isipokuwa kuitengeneza.

Nikasema kama nilivyosema kwake. Sikupunguza, nikaongeza na mwaka wake wa sponji. Nilipofika kwenye "weka yoyote" nikamwona Shemeji amesimama karibu na mlango, amekuja kumbe. Sikumtaja jina. Nilisema "duka letu", na "mimi".

Kiongozi wa bendi akanisikiliza kwa heshima, kisha akatabasamu. "Mama, tunakushukuru. Lakini fundi kila siku ana sababu. Sisi tulimsikia kwa masikio yetu, miaka."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa hiyo leo msikie tena."

Nikafungua kifuniko. Nikachomoa 31 na 77, nikachomeka zile za kwenye bahasha, zile nilizoweka mimi miaka kumi na miwili iliyopita. Nikamgeukia kiongozi wa bendi.

"Piga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mkono wako unajulikana."

Hakuwa na njia. Mbele ya watu arobaini, angesema nini? Akaketi, akakunja mikono ya shati, akabonyeza kwa upole kabisa, kama anayegusa shavu la mtoto mchanga.

Dum.

Akajaribu tena, taratibu zaidi. Dum. Akajaribu kwa kidole kidogo. Dum. Mpiga ngoma wao, yuleyule wa zamani, akaanza kucheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye.

"Kaka," Mama Kishindo akasema, hata maikrofoni hakuitaka, "mkono huo nao unahitaji sponji."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Watu walicheka mpaka wakapiga viti, na kiongozi mwenyewe akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo muda mrefu kuliko wa kucheka. Nilipokuwa nabadilisha transista nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Miaka kumi na miwili, dada." Mama Kishindo akamngoja aondoke kitini, akaketi.

Akapiga. Sina maneno ya muziki, mimi ni mtu wa risasi na moshi. Najua tu kwamba mikono ile ni miepesi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na kwamba mwaka mzima wa sponji ulikuwa ndani yake, na kila mtu pale aliujua, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kutazama.

Alipomaliza, kiongozi akasema nafasi yake ipo, aanze wiki ijayo. Mama Kishindo akafunga kifuniko. "Nitafikiria," akasema. "Nitawaita mje mjaribiwe."

Nilimsaidia kufunga shuka. "Sijakusamehe," akaniambia tukiwa tumeinama. "Shika upande ule, usikwaruze mbao."

Shemeji alikuwa ameondoka.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imekata. Sikwenda dukani. Nimekaa na daftari nikajaribu kukumbuka vitu vyote nilivyowahi kuwekewa mezani na kuambiwa "weka yoyote". Mpaka saa sita nimekumbuka saba.

Mama mkwe aliisoma orodha. "Utawaendea wote? Watakutukana."

"Wanitukane."

Alhamisi, 23 Mei

Wa kwanza kwenye orodha ni kinyozi wa karibu na shule. Miaka tisa iliyopita nilimtengenezea kipaza sauti cha muziki, nikakiwekea transista mbili za jozi moja ambazo hazikuonana hata siku moja kabla ya siku ile. Nilimkuta ananyoa. Kipaza sauti kiko palepale juu ya kabati, kinakoroma.

Nikasema shida yangu mbele ya wateja wake, nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba wa vifaa. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akageuka na kiti chake.

Kinyozi akaiweka mashine mezani. "Mke wangu alinipeleka hospitali kwa sababu ya mkoromo huo," akasema. "Yeye hausikii. Nikaambiwa ni masikio yangu. Nina dawa za matone kule ndani mpaka leo."

"Masikio yako mazima," nikamwambia. "Ni mimi. Kishushe nikifungue."